Timu sita kwa misimu tisa: jibu kwa aliyeuliza kuhusu mdogo wake

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako ana tatizo, maana amepita timu tatu za mpira ndani ya misimu minne, sasa anaitwa na ya nne, na mzee nyumbani anasema kijana hatulii. Mimi nilicheza namba tatu, beki wa kushoto, misimu tisa, timu sita, huku nikipanda na kushuka kati ya Ligi Kuu na daraja la chini yake. Mama akinipigia simu alikuwa anaanza na "leo uko mkoa gani?", salamu zinafuata baadaye.

Watu mnaona picha ya mchezaji ameshika kalamu na jezi mpya, mnasema tamaa. Mkataba wenyewe hamuuoni. Wengi wetu tulisaini mwaka mmoja mmoja. Mdhamini anajitoa, timu inashuka, au kocha anatimuliwa Desemba na anayekuja anakuja na beki wake wa kushoto mfukoni. Katika kuhama kwangu mara tano, niliyoitaka mwenyewe ni moja tu. Zile nne nilihamishwa, ingawa sahihi ni yangu.

Na si sisi wadogo tu. Mnamkumbuka Emmanuel Okwi, yule mshambuliaji Mganda? Simba ilimuuza Étoile du Sahel ya Tunisia mwaka 2013 kwa dola 300,000, mambo yakaharibika kule, akaonekana SC Villa ya kwao Uganda, akavaa jezi ya Yanga, 2014 akarudi Simba, 2015 akaenda Denmark, 2017 yuko Simba tena. Msimu wa 2017/18 akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 20. Au yule Mruguai, Sebastián Abreu, aliyeiliza Afrika nzima kwenye Kombe la Dunia 2010 kwa penalti ya mwisho dhidi ya Ghana, ile aliyoiinua taratibu katikati ya goli wakati kipa ameshalala. Huyo mwaka 2017 aliingia kitabu cha rekodi za Guinness kwa kuchezea klabu 26, na baada ya hapo bado aliendelea kuhama.

Ila usimdanganye dogo kwamba haina gharama. Kwa beki gharama iko kwenye mazoea. Timu yangu ya pili winga wangu alikuwa anarudi kukaba bila kuambiwa, nikizoea kupanda nakuta nyuma kuna mtu. Timu ya tatu winga alikuwa fundi kweli, lakini mpira ukipotea anasimama mikono kiunoni anatazama. Mechi tano za kwanza nilipigwa mipira ya nyuma yangu hadi mashabiki wakanipa jina ambalo siliandiki hapa. Kufikia tunaelewana, dirisha la usajili limefunguliwa, yeye kauzwa.

Sasa kilichonigharimu zaidi, na hapa ndipo nataka umsaidie. Hiyo timu ya tatu ilikuwa inanidai kazi na mimi naidai mishahara ya miezi minne. Nikakasirika, nikabeba begi na buti, nikaondoka kambini usiku bila kuandika chochote. Nikapata timu mpya, dau zuri, kocha ananitaka. Kwenye mfumo wa usajili jina langu bado liko kule. Nilirudi kuomba barua ya kuachwa. Katibu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, ananiacha nimekaa juu ya mifuko ya saruji huku anauza misumari. Siku ya nne akatoa karatasi ya klabu chini ya kitabu cha risiti, akaandika mistari mitatu, muhuri ukawa umekauka, akaupulizia pumzi mara mbili ndipo ukagonga. Dirisha dogo, lile la usajili wa katikati ya msimu, lilikuwa limeshafungwa. Nikafanya mazoezi na timu mpya hadi Mei, siku za mechi nakaa jukwaani nimevaa trakisuti.

Kumbe njia ilikuwepo. Kanuni za FIFA zinasema klabu isipokulipa mishahara ya miezi miwili bila sababu, unaiandikia kuwa unaidai, unaipa angalau siku 15 ilipe, na isipolipa una sababu halali ya kuvunja mkataba. Mimi niliondoka kama mtoro, kwa hiyo kwenye makaratasi mkosaji nikawa mimi. Barua moja tu yenye tarehe, na nakala yake imegongwa "imepokelewa", ingebadilisha kila kitu.

Kingine aangalie: kwa kawaida msimu mmoja unaweza kusajiliwa na klabu hadi tatu, lakini mechi za mashindano unachezea mbili tu. Kama tayari ameshachezea mbili msimu huu, huyo wakala anayemwita timu ya nne anamwuzia mbuzi kwenye gunia. Nimeona vijana wawili wakikwama hivyo hivyo, wakarudi kucheza ndondo, mechi za mtaani, kwa nauli na chakula.

Kuhusu mzee, mwambie tu dogo ampigie yeye kwanza kabla ya kusaini, si baada. Wazee wetu hawakasirishwi sana na kuhama, wanakasirika kusikia kwa jirani mwenye redio.

Halafu mwulize hiyo timu aliyopo sasa ina deni lake la miezi mingapi, na kama ana nakala ya mkataba mkononi au ameambiwa iko ofisini. Ukipata majibu rudi uyaweke hapa.