MUULIZE SSENGA (shangazi mshauri): Mtoto wangu kapigwa picha mara mbili, programu yenyewe hatujaiona

Ssenga habari ya kazi. Mimi ni mama wa watoto 3, naishi Nsambya, nauza mboga. Wa kwanza ni kijana wa miaka 14. Tangu shule zilivyofungwa wakati wa Korona hakukaa sawa na masomo, likizo ndo balaa, anashinda kwenye kibanda cha video na sijui hela ya kuingilia anaitoa wapi. Mwaka jana walipita watu wakasema wana programu ya watoto, tukalipa elfu 20 ya fomu, mtoto akapigwa picha ameshika karatasi yenye namba, tukangoja mpaka leo. Juzi wamekuja wengine, picha tena na hela tena. Sasa Ssenga niambie ukweli, kuna programu ya maana hapa Kampala au nimpe tu beseni la mayai akauze soko la Owino, angalau jioni nitamuona na kitu mkononi?
— Mama wa watatu

Pole sana mama. Tuanze na hilo beseni, liweke chini kabisa. Tangu 2019 Kampala ina sheria yake ya mji inayokataza watoto kuuza vitu barabarani, na wakimshika usidhani wataishia kwa mtoto, mzazi naye anatafutwa.

Kuhusu elfu 20 zako, hizo zilishaenda. Lakini hao wa mwaka huu usiwape hata mia, na picha pia una haki ya kukataa, mtoto ni wako. Mtu akija mtaani kwako muulize kitu kimoja tu, watoto mnakutana nao siku gani na wapi? Akianza kukueleza habari za wafadhili walioko ng'ambo wewe rudi kwenye mboga zako.

Ngoja nikupe mfano. Jumamosi moja nilikaa pembeni ya uwanja wa vumbi huku Makindye, kuna kijana anafundisha mpira watoto kama 30 hivi, wengi pekupeku, goli ni mawe mawili. Hana ofisi, hana gari lenye nembo, ana daftari la shule limekunjika kwa jasho. Kabla ya kupuliza filimbi akasoma majina yote, alipofika kwa mmoja kukawa kimya, akauliza huyu ni wiki ya pili sasa, nani anakaa karibu nao? Vitoto viwili vikatumwa mbio vikarudi na jibu kwamba mwenzao ana malaria yuko kwa bibi yake. Akaandika pembeni ya jina, ndo mpira ukaanza. Mimi nikasema hii sasa ndo programu! Kwa hiyo ukienda kukagua mahali usiulize wana kompyuta ngapi, muulize mwalimu nani hakuja wiki iliyopita na kwa nini, na umsikilize anavyojibu.

Mahali pa kweli pako, tena si mbali na wewe. Hapo hapo Nsambya ndo vijana wa Breakdance Project Uganda walijulikana sana, walianza 2006, wanafundisha kucheza bila kulipisha, na utaratibu wao ni kwamba ukishajua kitu unamfundisha anayekuja nyuma yako, hata kama we mwenyewe una miaka 12. Wazazi wengine wanasema dansi ni uhuni (nilikuwa mmoja wao, naungama), ila kijana anayerudi nyumbani kachoka hivyo hana nguvu ya kibanda cha video. Kama hapendi dansi kuna mchezo wa chesi (sataranji) mtaa wa Katwe, ile aliyoianzisha Robert Katende 2004, watoto walikuwa wanapewa uji wakija kucheza na hakuna aibu katika hilo, Phiona Mutesi mwenyewe, binti wa hapo Katwe, alimfuata kaka yake akakuta uji, na 2012 kule Istanbul akapata cheo cha chesi cha kimataifa. Sisemi mwanao atafika huko, nakwambia tu uji nao ni sehemu ya programu. Siku na saa hubadilika, kwa hiyo pita kwanza mwenyewe, usimtume mtoto.

Na ukipita angalia watu wazima wako wangapi. Mtu mmoja anayependa kubaki peke yake na watoto mlango umefungwa, ondoka, hata awe mpole namna gani. Muulize pia mwenyekiti wa LC1 (serikali ya mtaa) wa huko kama anawafahamu. Ukiona mtoto anaumizwa piga 116, ni bure hata kama simu haina salio.

Halafu mama, kabla ya yote muulize kijana mwenyewe. Kwa upole, si kwa ufagio. Hujaniambia anapenda nini, barua nzima.

Ssenga, nina miaka 19, naishi Bwaise, niliachia shule S2 (kidato cha pili) sababu ya ada. Nataka kujifunza kushona ila wanaofundisha wanataka laki tatu. Nifanyeje?
— Binti wa Bwaise

Mwanangu, kabla hujatafuta hizo laki uliza ofisi ya divisheni ya Kawempe kuhusu ile programu ya rais ya kuwafundisha wasichana kazi za mikono. Kozi ni bure, kama miezi 6, kuna kushona, saluni, kuoka keki na kutengeneza viatu. Nafasi hujaa haraka, kwa hiyo ulizia mapema wanaandikisha lini. Nenda na kitambulisho na barua ya LC. Na kokote utakakosoma, hata kwa fundi wa mtaani, ulizia mtihani wa serikali wa ufundi (zamani ukiitwa wa DIT), maana cheti chake hakikuulizi ulifika S ngapi.