Jibu: Tunakunywa kitu kilekile, mbona mume wangu anapungua kuliko mimi?

Pole dada, lakini hujakosea popote. Umesema wiki sita wewe na mumeo mmekunywa pakiti zilezile za kinywaji cha kupunguza uzito badala ya chakula, yeye kapungua kilo 8, wewe 4, nawe una miaka 54. Hamkuanza mstari mmoja.

Mwanaume kwa kawaida ana misuli mingi zaidi, na misuli hutumia nishati hata mtu akiwa amelala. Kwa kanuni ya Mifflin-St Jeor, inayokadiria nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika, mwanaume na mwanamke wenye uzito, urefu na umri sawa hutofautiana kalori 166 kwa siku, wakiwa wamepumzika tu. Kama mumeo ana mwili mkubwa kuliko wako, pengo linazidi. Pakiti ileile inamnyima yeye nishati nyingi kuliko inavyokunyima wewe.

Umri nao umo, ila watu wanaukuza mno: kanuni hiyohiyo inapunguza kalori 5 tu za siku kwa kila mwaka wa umri. Kinachonitia wasiwasi kwako ni misuli, maana kadiri umri unavyosogea inapotea kwa urahisi, na kujinyima huiongezea kasi. Ili kuilinda, soma lebo ya pakiti uone gramu za protini, na ufanye mazoezi. Mimi nilikuwa nainuka na kuketi kwenye kiti mara kumi bila kushika popote, asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza mapaja yalitetemeka kweli.

Tafadhali usiruke pakiti ili umfikie. Na kama unameza dawa za sukari au presha, muone daktari mapema, dozi huenda ikahitaji kushushwa.