Mahamri na kazi ya hoteli: usiache kazi bado

Dada, nimekuelewa: unafanya zamu hotelini hapo Malindi, watoto wawili bado wadogo, unataka kuuza mahamri na mbaazi asubuhi, na unauliza kama uache kazi kwanza. Usiache. Mshahara huo ndio utakaonunua unga biashara ikilala, na wajua wageni wakipungua baada ya Pasaka hata pesa mtaani hupotea.

Shida yako kubwa naona si mtaji, ni alfajiri. Mimi hukanda unga baada ya isha, kwa tui zito na iliki, nikaufunika uumuke usiku. Mbaazi nachemsha jioni, tui natia asubuhi. Alfajiri inabaki kusukuma na kukaanga tu, watoto wangali wamelala. (Karai liwe mbali na wanapopita, tafadhali.) Siku za zamu ya asubuhi usipike kabisa, au umpe nduguyo auze kwa malipo mliyokubaliana, si kwa "tutaonana".

Anza na wanaoagiza: majirani, walimu, wenzio kazini. Pesa za mauzo ziwe na laini yake ya M-Pesa. Ukizichanganya na za nyumbani hutajua kama wapata faida au wala mtaji. Mkopo wa simu wa kununua unga, achana nao.

Kabla hujaweka meza barabarani, ulizia leseni ofisi ya kaunti na ukapimwe upate cheti cha afya cha wauza chakula. Pia usome mkataba wako. Waajiri wengine hukataza kazi ya pembeni. Usipouelewa, mwone afisa wa kazi kabla ya kutia saini lolote.