Shangazi Akujibu: Uchumba wa Kuigiza

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mkimbiaji wa mbio ndefu hapa Mbulu. Mwaka jana, ili wazazi waache kunitafutia mume, nilimwomba mwenzangu wa mazoezi ajifanye mchumba wangu. Sasa baba amekwisha kumpokea mshenga wake pamoja na fedha za posa, nami kila tunapopanda mlima alfajiri natamani uongo ule uwe kweli. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mbulu ni kwao John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 akichechemea kwa goti lililoumia. Huko wakimbiaji hutazamwa na kila jicho, basi usidhani siri yenu itadumu. Anza na kijana kabla ya wazazi. Mwambie, mkiwa mmekaa wala si mkiwa mnahema, kwamba kwako maigizo yamekwisha, kisha umwache ajibu kwa hiari yake, kwa kuwa aliahidi kukusaidia, hakuahidi kukuoa. (Ingawa kijana anayetuma mshenga kwa fedha zake mwenyewe, eti kwa mchezo tu, mimi namshuku kwa wema.) Akikataa, baba aambiwe ukweli mapema na fedha zirudi, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu kudai mahakamani zawadi iliyotolewa kwa sharti la ndoa ambayo haikufungwa. Akikubali, mshenga arudi kwa baba, safari hii akijua anachokisema.