Kudarizi, kutarizi, kufuma au kushona?

Msomaji wetu mmoja anayeishi Marekani ameniandikia swali hili: "Jioni hujiburudisha kwa kupitisha nyuzi za sufu na za pamba katika vitambaa vidogo vigumu vyenye matundu, ambavyo vimechorwa picha kwa rangi. Nikimaliza, kimoja hukifanya pambo la mti wa Krismasi, kingine hukitia katika fremu. Ninapowatumia ndugu picha za kazi hizo, shangazi yangu wa Tanga husema ninafuma vizuri, rafiki yangu wa Mombasa husema ninashona, na kamusi niliyo nayo inanipa 'darizi' na 'tarizi' kana kwamba ni neno moja lililokosewa tahajia. Niseme ninafanya nini? Na vifaa vyake niviite nini?"

Ndugu msomaji, unadarizi. Ukisema unatarizi hujakosea pia. Hata hivyo jibu hilo pekee lingewafanya shangazi yako na rafiki yako waonekane hawajui lugha, jambo ambalo si kweli, kwa kuwa kila mmoja anatumia neno ambalo kwao lina historia ya kazi ya mikono nyuma yake.

Vitenzi hivi vinatofautishwa na kile kilichokuwapo kabla mkono haujaanza kazi. Anayefuma huanza na nyuzi tupu, na kitambaa hutokea mikononi mwake: mfumi hutanda nyuzi za mtande, yaani zile za urefu, katika kitanda chake cha kufumia, kisha hupitisha kati yake mshindio, yaani uzi wa kukatiza, na nguo ikazaliwa. Maana hiyo imepanuka kwa urahisi kufikia sweta, soksi na vile vitambaa vya mezani vinavyotengenezwa kwa sindano yenye ncha ya kulabu, kwani huko nako kabla ya kazi kulikuwa na uzi tu. Anayeshona huanza na vitambaa vilivyokwisha kufumwa na kukatwa, akaviunganisha viwe vazi, mto au pazia. Anayedarizi huanza na kitambaa kizima ambacho tayari kinajitosheleza, akakitia nakshi kwa sindano na uzi. Kitambaa chako kilikuwa kitambaa kabla hujakigusa, na hukiunganishi na kingine. Kwa hiyo kipimo hiki kinakuweka moja kwa moja upande wa wadarizi.

Nadhani kilicholeta utata ni sifa moja ya kazi yako. Katika darizi tuliyoizoea, kama ile ya shingoni mwa kanzu au ya maua katika pembe za foronya, kitambaa cha chini hubaki kinaonekana, na nakshi hukaa juu yake. Wewe unakifunika chote. Kila makutano ya uzi wa mtande na wa mshindio hupata mshono wake mdogo wa mshazari, mpaka rangi iliyochorwa ipotee chini ya sufu, na atakayeitazama kazi ikiwa imekwisha ataona kitu kinachofanana kabisa na nguo nzito iliyofumwa. Hata upande wa nyuma unaweza kumdanganya mtu, kwa sababu wanaotumia mshono wa kikapu, yaani wa kwenda mistari ya mshazari, wakipanda na kushuka, huacha nyuma ya kitambaa nyuzi zilizopishana mfano wa ufumaji halisi. Ikiwa shangazi yako aliwahi kuona nyuma ya kazi yako, basi ana hoja zaidi ya ile aliyoisema.

Wala si Waswahili peke yao wanaoteleza hapa. Mji wa Bayeux, Ufaransa, unajulikana kwa kitambaa cha kitani cha karne ya 11, chenye urefu unaokaribia mita 70, kinachosimulia kwa picha za nyuzi za sufu jinsi Wanormani wa kaskazini mwa Ufaransa walivyoivamia Uingereza mwaka 1066. Wafaransa na Waingereza wamekizoea kwa jina linalotumika kwa mapazia mazito ya ukutani yanayofumwa kwa picha, kama yale yaliyokipa sifa kiwanda cha kifalme cha Gobelins mjini Paris tangu mwaka 1662, ilhali kitambaa cha Bayeux hakikufumwa picha zake hata kidogo: zilitiwa kwa sindano juu ya kitani, na mtu wa Pwani angesema bila kusita kuwa ni darizi.

Nirudi kwa shangazi. Katika sehemu nyingi za Tanzania Bara na Mwambao, kitenzi kufuma kimeenea majumbani kuliko wanavyokiri waandishi wa kamusi. Wanawake husema wanafuma mashuka na foronya wanapotia maua kwa sindano katika shuka lililonunuliwa dukani, na nyuzi za kazi hiyo huitwa nyuzi za kufumia, ingawa mtu huyohuyo kesho atakwenda sokoni na kuuliza mashuka ya kudarizi bila kuona mgongano wowote. Sioni sababu ya kumsahihisha. Katika mazungumzo ya nyumbani, ambapo kazi yenyewe ipo mapajani na kila mtu anaiona, kufuma kunaeleweka. Katika maandishi ndipo ninapokuwa mkali, kwa sababu msomaji asiyeiona kazi yako akisoma "vitambaa vya kufuma" atafikiria vile vya kulabu vinavyowekwa juu ya makochi, na atakuwa na haki ya kufikiri hivyo.

Rafiki yako wa Mombasa naye amesimama juu ya msingi imara. Kuanzia Lamu hadi Unguja watu hushona kofia, wala sijasikia mzee wa kazi hiyo akisema anaidarizi, ijapokuwa kofia ya viua ni miongoni mwa kazi za nakshi zilizo ngumu kabisa katika Mwambao: tabaka mbili za kitambaa hutobolewa vitundu vidogo kwa mpango uliochorwa, na kila kitundu huzungushiwa uzi ukingoni mpaka kiwe kiua. Sababu ya kuitwa kushona ni kwamba mikono ileile inayotia viua ndiyo inayounganisha tabaka hizo, ndiyo inayoambatisha duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, na jina la sehemu moja ya kazi limemeza kazi nzima. Kushona, kwa hiyo, ni neno pana ambalo halidanganyi ila halielezi vya kutosha. Ukisema "ninashona picha" umeeleweka nusu. Msikilizaji bado atauliza unashonaje.

Sasa yale mawili yaliyokusumbua katika kamusi. Hakuna aliyekosea tahajia. Yamekaribiana kwa sauti kiasi cha kuonekana pacha, lakini yanatoka katika mashina mawili tofauti. Tarizi ni ya ukoo wa neno la Kiarabu la kutia nakshi kwenye nguo, ukoo uleule uliozaa jina la mikanda yenye maandishi ya nyuzi iliyopamba mavazi ya watu wa makasri katika dola za Kiislamu za zamani, na Waarabu wenyewe walilipokea shina hilo kutoka Kiajemi. Darizi inahusiana na neno la Kiajemi lenye maana ya mshono unaounganisha kitambaa, ambalo ndilo lililozaa jina la fundi cherehani katika Kiajemi, Kihindi na Kiurdu. Kwa asili, basi, tarizi ilikuwa karibu zaidi na pambo, hasa la ukingoni mwa nguo, na darizi ilikuwa karibu zaidi na ushonaji. Katika Kiswahili cha leo yamekutana njiani na kuwa visawe. Ukisoma Kitabu cha Kutoka katika Biblia ya Kiswahili utakutana na ndugu yao wa tatu, taraza, pale panapotajwa kazi ya pazia la mlango wa hema. Mimi ningekushauri uchague darizi kwa sababu ya kawaida tu kwamba ndilo linalosikika zaidi madukani na shuleni, na ukishalichagua ulishikilie katika andiko lako lote.

Huenda ukakutana pia na almaria na nakshi. Almaria ni jina la pambo lenyewe la uzi lililokwisha kutiwa kwenye nguo, wala si la kitendo. Nakshi ni pana mno, kwa kuwa mlango wa Zanzibar nao una nakshi.

Ukiamua kutumia darizi, chunga irabu yake ya mwisho, kwa maana hapo ndipo wengi wanapokwaa. Vitenzi vya Kibantu hubadili irabu: ninafuma, sifumi, nifume. Vitenzi vilivyopokewa kutoka nje na kuishia na -i havibadiliki: ninadarizi, sidarizi, nidarizi. "Naomba nikudarizie" ni sahihi, kwa sababu hapo kuna kiambishi cha kutendea, lakini "naomba nidarize" si sahihi. Katika kutendwa fuata mfano wa kadiri na subiri: kama tunavyosema kukadiriwa na kusubiriwa, ndivyo tunavyosema kitambaa kimedariziwa, wala si "kimedarizwa". Nyuzi ni za kudarizia, mtu ni mdarizi na kazi ni udarizi.

Umeuliza juu ya vifaa. Kitambaa chako usikiite turubai, kwani turubai hufunika mizigo ya lori na mahema ya harusi. Kanvasi linafaa, na wachoraji wa Dar es Salaam na Nairobi wamekwisha kulizoea, ingawa lao nyuzi zake zimebanana. Kwa hiyo mara ya kwanza andika "kanvasi ya matundu", baadaye kanvasi inatosha. Vitambaa hivyo hupimwa kwa idadi ya matundu katika kila inchi, na vinavyotumika sana ni vya 13 na vya 18. Hapo sema "kanvasi ya matundu 18 kwa inchi" na usiongeze kitu. Msomaji mwenye udadisi atapiga hesabu mwenyewe na kuona kwamba inchi moja ya mraba ina mishono 324, na ataacha kukuuliza kwa nini pambo moja dogo linakuchukua muda mrefu hivyo. Kwa kuwa sindano nayo ina tundu, epuka sentensi kama "nilipitisha uzi kwenye tundu", ambayo haisemi ni tundu lipi. Kiswahili kina kitenzi kizuri kwa hilo la sindano: uzi hutungwa. Tunga uzi kwanza, kisha pitisha sindano katika matundu ya kanvasi. Sindano yenyewe, ambayo ncha yake haichomi kwa sababu matundu yapo tayari, ni sindano butu, na hapo butu si kasoro.

Neno mshono linahitaji uangalifu, kwa sababu kwa mafundi cherehani lina maana mbili nyingine, ile ya mahali vitambaa vilipounganishwa na ile ya mtindo wa nguo, kama tunaposema mishono mipya ya vitenge. Muktadha wa kudarizi hulitosheleza mara nyingi. Ule unaokatiza mara mbili ni mshono wa msalaba, na wako, unaokwenda upande mmoja tu, ni wa nusu msalaba. Kulinyoosha kanvasi katika fremu ni kuliwamba, kitenzi kilekile cha ngoma na cha kitanda cha kamba, na nashangaa kuona waandishi wa kazi za mikono wakiandika "kukaza kitambaa kwenye fremu" huku kuwamba kupo. Lisipowambwa, na hasa ukitumia nusu msalaba, kanvasi huenda upogo, nawe utalazimika kulilowesha na kulipigilia pini ubaoni mpaka lirudi pembe zake. Pambo likishatiwa kitambaa cha nyuma na kujazwa pamba au usufi, hapo kweli umeshona, maana umeunganisha pande mbili; na kama ni kifuko cha miwani, kitambaa cha ndani ni bitana.

Kwa jina la aina hii ya udarizi, nilifikiria kwanza "darizi ya matundu", nikaliacha, kwa kuwa mtu wa Pwani angedhani ni viua vya kofia, ambako matundu huachwa wazi yaonekane. Yako hujazwa yote. Ninapendekeza "darizi ya kujaza". Na kazi ikiwa ndogo, iite pambo dogo la kudarizi. "Kijitambaa" kina harufu ya dharau ambayo hukuikusudia.

Limebaki jambo moja ambalo hukuliuliza. Ukikosea hesabu ya matundu ukalazimika kuutoa uzi, utasema umefanya nini? Darizi, kwa kuwa ni neno la kupokewa, halina umbo la kutendua, yaani la kubatilisha kitendo; hakuna "kudarizua". Shona lina shonoa, ambalo sasa ni nadra kusikika. Kitenzi ambacho mafundi wote hukitumia, awe wa cherehani, wa kofia, wa sweta au wa kusuka nywele, ni kufumua, na kimetokana na kufuma ileile ya shangazi yako. Kwa hiyo andika hivi bila wasiwasi: "Nilidarizi ua la pembeni, nikaona limekwenda upogo, nikalifumua."