Jumamosi hiyo usiende na karatasi

Mzee mwenzangu, iache hiyo karatasi nyumbani.

Nimeisoma mada yako mara mbili. Unasema mko watano, wote mmevuka 60, mnakutana kila Jumamosi kupiga soga na kujiuliza mambo yasiyo na faida: kwa nini miaka inakimbia kadiri mtu anavyozeeka, kwa nini ngozi ya vidole hukunjamana ukikaa sana majini, na kama kualisha vidole (wengine mnasema kuvunja) kunaleta baridi yabisi uzeeni. Unaomba majibu ya uhakika na tovuti ya kuaminika, uchapishe kurasa, ili wiki hii yule rafiki yenu anayekugombeza kila ukialisha vidole "nimfunge mdomo mbele ya wote." Maneno yako hayo, sijaongeza hata nukta.

Mimi nilimfunga mtu mdomo mbele ya wote. Ukafungika miezi minane.

Sisi tulikuwa sita. Nasema sita kwa heshima tu, maana mmoja wetu alikuwa akisinzia kuanzia dakika ya kumi na kuamka wakati wa kuagana, lakini kiti chake kilihesabika. Mwenye maswali hasa alikuwa mmoja, mwalimu mstaafu, na sisi tulimwita Mwalimu tu. Alikuwa akifika na swali kama mtu aliyebeba yai. Anakaa, anatulia, halafu: "Jamani, hivi kwa nini miayo inaambukiza?" Basi saa mbili zimekwenda. Huyu anasema hewa, yule anasema ni tumbo, mwingine anatoa kisa cha shangazi yake ambacho hakina miayo hata mmoja ndani yake. Tunaagana hakuna anayejua lolote, na wote tumefurahi. Mimi nikaona huo ni upungufu. Nikajiona ndiye wa kuurekebisha.

Siku moja akaja na la mwezi. Kwa nini mwezi mpevu ukichomoza unaonekana mkubwa kama sinia, halafu ukipanda juu unanywea? Safari hii jibu alikuwa nalo mwenyewe: ukichomoza uko karibu nasi, ukipanda unatuacha. Akasema amewaeleza wanafunzi hivyo kwa miaka 31.

Hapa ndipo anapoingia mpwa wangu. Nilimsimulia kwa kucheka tu, naye akanitazama kwa huruma, akasema, "Mjomba, siku hizi watu hawabishani. Kila kitu kiko humu," akanionyesha simu. Kijana huyo hajawahi kukaa na binadamu mwenzake nusu saa bila kuinamia kioo, na ndiye nikamfanya mshauri wangu wa mambo ya urafiki. Ni kama kumuuliza samaki habari za ngazi. Akanifungulia makala ya aina ile ya "mambo 20 uliyodanganywa maisha yako yote", akanisomea kwa sauti ya mtangazaji, nami nikameza bila kutafuna.

Makala ilisema mambo mawili. La kwanza, Mwalimu amekosea, na amekosea kinyume kabisa. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka duniani. Ukiwa utosini, wewe uko upande wa dunia unaouelekea, kwa hiyo umeusogelea kwa nusu ya unene wa dunia, kama kilomita 6,400 hivi. Ukiwa unachomoza, hizo kilomita bado hujapunguziwa. Maana yake mwezi unaochomoza uko mbali kidogo zaidi. La pili, makala ikasema unaonekana mkubwa kwa sababu hewa nzito ya karibu na ardhi inaukuza, kama lenzi. Hilo la pili lishike, tutarudi kwake, na mimi nitakuwa nimeinamisha kichwa.

Nikachapisha kurasa nne. Nikapaka rangi ya njano kwenye mistari ya kuua. Nikapanga kikao kifanyike nje, jioni ya mwezi mpevu, nikawahimiza wote waje. Hata yule msinziaji nilimwambia apumzike mchana.

Mwalimu akaja na mjukuu wake wa miaka 11. Mtoto alikuwa ameambiwa babu leo ataeleza habari za mwezi.

Mtu mwenye akili angezikunja zile karatasi akazikalia. Mimi nilizikunjua.

Nilianza na kipimo. Unachukua karatasi, unaiviringisha kuwa bomba jembamba, unautazama mwezi unaochomoza kwa jicho moja, unaikaza au kuilegeza mpaka mwezi ujae sawasawa kwenye tundu, kisha unaibana kwa gundi ya karatasi isibadilike. Unasubiri saa kadhaa mwezi upande, unautazama tena. Unajaa tundu lile lile. Nakuapia, kila aliyepima alishangaa. Kisha nikaleta mchezo wa pili, ambao nao ni wa kweli: ukiugeuzia mwezi mgongo, ukainama ukauchungulia kati ya miguu yako, ule ukubwa unapungua. Nikawaambia wazee wa umri wetu wainame. Msinziaji akainama, na hapo akabaki. Tulimnyanyua watu wawili, kama meza. Tulicheka mpaka machozi, na kama ningeishia hapo, leo ningekuwa nasimuliwa vizuri.

Nikatoa kurasa. Nikasoma yote, nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye kilomita 6,400 nilimtazama Mwalimu, halafu nikasema sentensi ambayo ningelipa kuirudisha: "Kwa hiyo miaka 31 watoto wa watu wamelishwa hewa."

Mmoja wetu akamwita Bwana Mwezi. Wote wakacheka. Mjukuu naye akacheka, mtoto hana kosa, akalirudia lile jina mara mbili tatu kwa kulionja. Mwalimu alicheka kuliko sisi sote. Akasema, "Nimejifunza," akamshika mtoto mkono, akaaga mapema. Mimi nikasema moyoni, muungwana huyu, amekubali kushindwa. Nikaenda nyumbani natembea kama niliyekabidhiwa kombe.

Jumamosi iliyofuata hakuja, tukaambiwa mgongo. Ya pili, ana wageni. Ya tatu hatukuuliza.

Tena usidhani alikosekana yeye peke yake. Maswali yalikuwa yake! Sisi wengine tulikuwa wa kujibu ovyo tu, kazi ambayo haiwezekani bila mtu wa kuuliza. Na kwa kuwa nilikuwa nimefungua mlango, kila mtu sasa akaja na simu. Mmoja anaanza, "Hivi kwa nini paka..." hajamaliza, mwenzake keshasoma jibu. Limekwisha. Tunatazamana. Kikao kilichokuwa kikila jioni nzima kikawa kama foleni ya kupata muhuri. Mwezi wa nne tulikuwa watatu. Mwezi wa sita tulibaki mimi na msinziaji, na yeye nadhani alikuwa anakifuata kile kiti.

Nyumbani nilijitetea sana. Ukweli ni ukweli, nilisema, mtu mzima asikasirikie ukweli. Mama watoto akaniuliza, "Ulitaka yeye aujue, au ulitaka wao wakuone unaujua?" Nikamwambia aongeze sauti ya redio.

Mwezi wa nane nikaenda kwake. Peke yangu, bila karatasi. Alinipokea kama vile tuliachana jana, tukazungumza magoti, tukazungumza watoto, mwezi haukutajwa. Alipokuwa ananisindikiza, tumefika njiani, wawili tu, ndipo akasema polepole, "Unajua, lile la hewa kuukuza mwezi nalo si kweli."

Nilidhani sikusikia.

Akanieleza. Hewa ya karibu na upeo haiukuzi mwezi, inaubonyeza kidogo kutoka chini kwenda juu, ndiyo maana wakati mwingine unaonekana kama yai lililolala. Rangi nyekundu, hiyo kweli ni kazi ya hewa. Lakini ukubwa unatoka kichwani mwetu. Akasema hata Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliisingizia hewa, na kwamba Ibn al-Haytham, mwanasayansi wa Kiarabu wa miaka kama 1,000 iliyopita, ndiye aliyeeleza kuwa ni akili ya mtazamaji inayokadiria vibaya, na wataalamu wa mambo ya akili mpaka leo wanabishana inakadiria vibaya kwa njia gani. Kisha akamalizia kwa upole ulionichoma kuliko kofi: "Na bomba lako la karatasi lilionyesha vile vile. Kama hewa ingekuwa inaukuza, si tundu lingeona?"

Fikiria hilo, mzee mwenzangu. Ushahidi wangu mwenyewe, nilioutengeneza kwa mikono yangu, ulinikanusha mbele ya watu watano na mtoto mmoja, na hakuna aliyeona kwa sababu nilikuwa napiga kelele. Aliyewalisha watu hewa usiku ule nilikuwa mimi. Hewa halisi!

Nikamuuliza amelijua lini. Akasema wiki ya pili. Miezi saba na ushee alikuwa na silaha ya kunimaliza, angeweza kuja na mjukuu, na kalamu ya njano, anilipe sawa kwa sawa. Nikamuuliza kwa nini hakuja kulisema. Akajibu, "Nilikuwa nasubiri uje peke yako."

Nilimpigia mpwa wangu usiku huo huo. Unajua alisema nini? "Mjomba, si ungehakiki kwanza?" Mimi! Nihakiki! Yeye aliyesema kila kitu kimo humo, na yule mwandishi wa makala asiyetia hata jina lake, wamenipotezea rafiki kwa ukweli nusu, halafu mwenye kosa la kutohakiki ni mzee mwenye miwani miwili. Sasa hivi akiniambia kunanyesha, natoka nje nikaloane kwanza ndipo nimwamini.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, sina nyingine: simu ibaki mfukoni, na mwenye kosa mfuate peke yake. Ukishindwa kumfuata peke yake, mwache na kosa lake, litaishi naye salama tu. Mwezi haujali.

Najua utanijibu kwamba lako ni tofauti, kwamba wewe una ushahidi mzito. Najua hata utakayemleta: yule daktari wa Marekani, Donald Unger, aliyealisha vidole vya mkono wa kushoto kwa zaidi ya miaka 60 na kuuacha wa kulia, na mikono yote ikawa haina baridi yabisi. Mwaka 2009 akapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya kuchekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Ni kisa kizuri, nami nakipenda. Lakini ni mikono miwili ya mtu mmoja, na rafiki yako akiwa na akili kama ya Mwalimu atakuambia hivyo. Unaposikia mlio, kiungo hakisagiki. Ndani ya majimaji yake panafunguka uwazi wa gesi, ndiyo maana huwezi kukialisha tena papo hapo. Hayo yako sawa. Ila muulize kwanza aliyemkataza ni nani. Unger naye alikuwa amekatazwa na mama yake, na shangazi kadhaa, na baadaye mama mkwe. Nakuwekea dau rafiki yako pia aliambiwa na mama yake. Sasa wewe unakwenda Jumamosi, mbele ya watu wanne, na kurasa zenye rangi ya njano, kumshinda marehemu mama wa mtu.

Hilo la vidole majini mnaweza kubishana bila hatari, kwa sababu nadhani wote mmekosea kwa usawa: ngozi hailowi ikavimba tu kama mnavyodhani, mishipa ya fahamu ndiyo inayoamuru mishipa midogo ya damu ijibane, na kidole ambacho neva yake imekatika hakikunjamani. Lakini usiseme wewe. Ngoja waulize. Wasipouliza, nyamaza, utazoea. Mimi nilichukua kama wiki tatu za kuuma ulimi.

Mwalimu alirudi, kama ulikuwa unajiuliza. Si Jumamosi ile, ni ya pili yake. Jina la Bwana Mwezi halikutajwa, na aliyelianzisha alikuja na aibu ya kutosha wote. Juzi kafika na yai jipya: kwa nini kamba ukiikunja vizuri ukaiweka kwenye begi, hutoka imejifunga mafundo ambayo hakuna mtu aliyeyafunga? Tuko nayo wiki ya tatu sasa. Msinziaji alikaa macho saa nzima, anasema kamba ina husuda.

Jibu nimelisoma. Liko kwenye simu, simu iko mfukoni, na mfuko nimeukalia.