Chaki Mfukoni: Kwa Kijana wa Bukavu Anayelea Wakufunzi kwenye Theluji

Wiki iliyopita nimepata ujumbe kutoka Vermont, Marekani. Ni kijana wa Bukavu, mtoto wa Kadutu, aliyepita kwenye mafunzo yetu ya huduma ya kwanza hapa Goma kabla hajasafiri. Sasa anajitolea katika doria ya ski. Wanashinda mlimani kwenye theluji, na mtu akivunjika mguu wanamfunga gango, wanamlaza kwenye sleji na kumteremsha. "Mwalimu," ameandika, "wamenipa watu wawili niwalee wawe wakufunzi. Nianzie wapi?"

Nilijivuna, sitaficha. Nilimsomea mke wangu ule ujumbe mara mbili. Mara ya pili hata hakuinua macho kwenye sambaza zake, wale samaki wadogo wa ziwani. Usiku usingizi ukakataa.

Kijana huyo amenisimulia pia kwamba doria yao ya taifa ilianzishwa mwaka 1938 na Charles Minot Dole, ambaye miaka miwili kabla alivunjika kifundo cha mguu huko huko Vermont, pale Stowe. Rafiki zake walimburuta juu ya kipande cha bati la paa. Bati! Nilicheka peke yangu. Tarehe 17 Januari 2002, volkano yetu Nyiragongo ilipoteremsha moto hadi katikati ya mji, mimi na jirani tulimsukuma bibi mmoja juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mpaka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Mguu wake ulikuwa umeungua, na mimi, kwa kujiamini kwangu, niliupaka dawa ya meno. Leo nafundisha watu wamwagie aliyeungua maji safi ya kupoza kwa dakika 20, wasipake kitu. Kila nikitamka hizo dakika 20 nauona ule mguu.

Ndivyo nilivyoingia katika kazi hii. Miaka ya katikati naiacha, ni vikao na vikao juu ya vikao. Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na siku chache baadaye watu wa kartie (mitaa) nyingi wakaambiwa watoke mjini. Wanafunzi wangu wakatawanyika Sake, Minova, Gisenyi. Simu zikaanza: "Mwalimu, uko wapi, kuna watu huku wanaumia, nani anafundisha?" Hakuna aliyefundisha, kwa sababu aliyezoea kushika chaki ni mimi tu. Niliporudi nikaapa kulea wakufunzi.

Wa kwanza alikuwa binti wa Majengo, fundi wa cherehani. Mikono yake! Alifunga bandeji kama anayepiga pindo. Nilimweka pembeni yangu mwaka mzima, anabeba mdoli wa mazoezi, anagawa glovu, ananitazama. Niliamini kutazama kunatosha. Hapo ndipo kosa langu la kwanza, nawe kijana usilirudie: wape watu wako somo dogo tangu wiki ya pili, hata la dakika kumi, hata kufunga gango tu.

Siku niliyompa somo zima walikuwepo wavuvi na wapiga kasia wa Kituku, bandari yetu ziwani, kama ishirini. Alikuwa anafundisha kumwokoa aliyezama. Akasema: ukimtoa majini hapumui, mpe kwanza pumzi 5, halafu ndipo ukandamize kifua mara 30, pumzi 2, uendelee hivyo. Mimi niliyekaa nyuma nikasimama. Nikasema kwa sauti ya mwalimu mkuu, "Hapana, tunaanza na kifua." Nikatembea hadi mbele, nikatoa chaki yangu mfukoni (huwa nayo sikuzote), nikafuta aliyoandika.

Mzee mmoja mvuvi akauliza, "Sasa tumsikilize nani?"

Binti akaniachia ubao. Alikaa na wavuvi, akaandika niliyosema, kimya. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Na alikuwa sahihi. Miongozo ya Ulaya inasema hivyo hivyo: pumzi 5 kwanza, kwa sababu moyo wa aliyezama umesimama kwa kukosa hewa. Alikuwa amesoma usiku kwenye simu yake. Mimi nilikuwa nasema yale ya mtu aliyeanguka ghafla sokoni. Ilinichukua miezi mitatu kufungua kitabu, na muda mrefu zaidi kulisema hili mbele ya watu. Oktoba 2024, boti lililotoka Minova lilipozama karibu na Kituku watu wakitazama ufukweni, nilimkumbuka yule mzee na swali lake.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Vermont: kaa nyuma, na ukae kimya. Mtu akikosea, andika kwenye daftari, umwambie mkiwa wawili, baada ya darasa. Kosa moja tu linakuruhusu kuinuka, lile litakalomuumiza mtu siku hiyo hiyo pale darasani. Mengine yote yanasubiri. Na kabla hujaliandika kosa, jiulize kama si lako. Kimya, narudia. Najua nyinyi mnaolea watu mnapenda kusikika. Wengine mnajitolea miaka kumi ili mwitwe mwalimu njiani, nami nilikuwa mmoja wenu. Tunalalamika vijana wa leo wanauliza perdiem kabla ya kuuliza somo, lakini sisi tuliokataa perdiem tulijilipa kwa heshima, tena tukataka ilipwe mbele ya watu. Tubuni, jamani.

Lakini bado inaniuma. Binti yule sasa ana kikundi chake Ndosho, anafundisha motari, waendesha pikipiki za abiria, na akijieleza kwa watu hasemi alijifunzia wapi. Mwaka mzima alibeba mdoli wangu! Mke wangu anasema ndiyo sababu.

Juzi, baada ya kumjibu kijana, nilimwandikia binti pia. Niliomba nije Jumamosi nikae nyuma ya motari wake, nisikilize. Alijibu kesho yake, usiku:

"Saa mbili kamili, papa. Chaki tunayo."